Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Kila asubuhi, kabla msichana hajamaliza kufunga kamba za viatu, mdogo wake alimwuliza swali lilelile kutoka kitandani: "Dada, leo utanitafutia dawa?"

"Nitakutafutia. Wewe maliza chai yako tu."

Hakuwa anamdanganya. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa damu uliomlaza mara kwa mara, na watafiti wa mbali walikuwa wakisaka dawa yake kwa hesabu kubwa ambayo kompyuta moja isingeimaliza. Waliikata vipande vipande. Mwenye kompyuta iliyokaa bure aliomba vipande, kompyuta yake ikavikokotoa, kisha ikavirudisha kabla ya tarehe ya mwisho. Shule yao ilijitolea kusaidia, na msimamizi baada ya masomo alikuwa msichana huyu, ambaye darasa zima lilimwita Kiherehere.

Jina hilo lilimkaa sawasawa. Alipoona shule ya ng'ambo ya barabara inawazidi pointi zilizotolewa kwa kila kipande kilichorudishwa, aliagiza vipande vingi ajabu kwa mpigo mmoja. "Tutawatimulia vumbi!" alimwambia rafiki yake Redio, mvulana asiyejua kunyamaza.

Vumbi likawarudia wenyewe. Kompyuta zile kuukuu zililemewa. Zilikuwa zimemaliza kazi chache tu, nyingine zingali katikati, na nyingi hazijaguswa kabisa, ilhali tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Kiherehere angeweza kubonyeza "Acha kazi", vipande vikagawiwa watu wengine. Lakini kila kazi iliyoachwa ingeandikwa kwenye jina la shule na kulipunguzia pointi, na hilo hakulitaka. Akapata wazo lililomfanya atabasamu peke yake: akairudisha tarehe ya kila kompyuta nyuma mwezi mzima.

"Sasa tuna muda wa kumwaga," alisema.

"Wewe utakuja kuwa rais!" Redio akashangilia.

Kesho yake alipofungua chumba cha kompyuta, tabasamu lilimkauka. Kila kioo kiliandika maneno yaleyale: "Imekwama. Itajaribu tena." Akazima, akawasha. Imekwama. Akachomoa nyaya, akazichomeka upya. Imekwama.

"Hata zilizokamilika zimegoma kutoka!" Redio alipiga kelele. "Kiherehere, tumekwisha!"

"Nyamaza!"

Akamkumbuka mdogo wake. Asubuhi ile mtoto hakuwa ameuliza swali lake. Alikuwa amelala, midomo imepauka, mama amemshika mkono. Je, kama kipande chenye dawa kilikuwa humuhumu, kimefungiwa na dada yake mwenyewe? Akabonyeza, akabonyeza tena. Mwishowe akalaza kichwa juu ya meza. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwalimu wa kompyuta, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwanangu, mbona umekaa kama uliyefiwa?"

"Mtandao unasumbua, mwalimu."

"Mtandao? Mbona mimi nimetoka kuongea na mwanangu kwa video sasa hivi, sura yake naiona mpaka chunusi?"

Redio alifumbua kinywa, akamtazama rafiki yake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakifumba.

Ukimya ule ulimwelemea Kiherehere kuliko kelele zote. "Si mtandao," alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Niliagiza kazi nyingi ili tuwe wa kwanza. Zikatushinda. Nikarudisha tarehe nyuma. Mwalimu, mdogo wangu ni mgonjwa, na mimi nimeifungia dawa yake!"

Mwalimu alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Futa machozi, tuna kazi. Kompyuta ya watafiti hukagua tarehe kabla ya kupokea chochote. Ikiona unaidanganya, inafunga mlango. Haya, rudisha tarehe ya leo."

Akairudisha kwenye kila kompyuta, kisha akabonyeza "Jaribu tena". Mstari wa kijani ukasita, ukajikongoja, ukajaa. Imetumwa. Kazi zilizokamilika zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine.

"Zilizokaribia kwisha, tuziache ziendelee, zitawahi," mwalimu alisema. "Na hizi ambazo hazijaanza?"

Kiherehere akaitazama orodha. "Tuwaachie wengine, mwalimu."

"Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Orodha ikafyekwa, na jina la shule likaporomoka hadi chini ya shule ya ng'ambo.

"Watatucheka mpaka Ijumaa," Redio alinong'ona.

"Wacheke," mwalimu akajibu. "Kushindwa si kosa, wanangu. Kosa ni kuikumbatia kazi usiyoiweza huku wenye uwezo wanaisubiri. Na uongo haukukuongezea muda, binti yangu. Umekwamisha hata yale mema uliyoyamaliza. Kazi ikikushinda, sema mapema, iende kwa mwingine. Sasa punguza kiasi unachoagiza."

Akakipunguza hapohapo.

Alipofika nyumbani, alimkuta mdogo wake ameegemea mto, anapuliza chai yake.

"Dada, leo umenitafutia dawa?"

Kiherehere akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nimetafuta kidogo," alisema. "Kwingine nimewaachia watu wengi wanisaidie kutafuta."

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi itapatikana haraka," alisema, akarudi kwenye chai yake.