Mkono Uliochambua Karanga

Kila akitoka shuleni, Vailet huvua sare, huchota maji, hufagia uani, kisha humwogesha mdogo wake Felix, ambaye hukimbia beseni kama paka. Wanaishi Singe, pembeni mwa mji wa Babati, na mama yao ni fundi cherehani. Lakini ukiuliza mtaani, wengi hawatakutajia nguo zake. Watakutajia kashata zake za karanga.

Mwaka huu kashata zilikuwa za sherehe ya nyumbani. Xaveri, mtoto wa katikati, alikuwa anapokea Komunio ya Kwanza Jumapili, na wageni wangefika. Mjomba Romanus alikuwa amewaletea gunia dogo la karanga zilizomenywa kutoka shambani kwake Mutuka. Siku lilipofika, wiki chache kabla, Mama alimwambia Vailet aliweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa kuwa sakafu ya stoo hutoa unyevu.

Vailet alikuwa hajainua hata pembe ya gunia aliposikia rafiki yake Christina akimwita nje. Wasichana walikuwa wanacheza rede na walipungukiwa mtu. Vailet akaliburuta gunia hadi chini ya dirisha, akajiambia angeliweka vizuri akirudi. Msomaji, wewe pia unazijua hizo ahadi tunazojipa wenyewe. Jioni mlima Kwaraa ulifunikwa na wingu, mvua ikanyesha, na maji yakapenya dirishani. Vailet alikuwa ameshasahau.

Alikumbuka Ijumaa iliyotangulia Komunio, Mama alipomtuma akachambue karanga. Alipofungua gunia alikutana na harufu ya kitu kilichovunda. Za juu zilikuwa safi, lakini hazikutosha. Za chini zilikuwa zimesinyaa, na nyingine zimeota ukungu wa kijani.

Vailet alijua maana yake. Mwalimu Yoakimu alikuwa amewafundisha habari za sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Huharibu ini, alisema, na haiondoki kwa kuosha wala kwa kukaanga. Vailet alijibu swali la sumukuvu kwenye mtihani na akapata.

Lakini mtihani ni kitu kimoja, na kumweleza Mama ni kingine. Angeulizwa gunia lilifikaje chini ya dirisha. Xaveri naye alikuwa ameshawatangazia wenzake wote habari za kashata. Vailet akaogopa, na woga ukamfanya mjanja. Alitoa zile mbaya kabisa akazitupa kwenye shimo la taka, katika zilizobaki akachota za kutosha, akazikaanga mpaka zikawa nyeusi kidogo, akazipukusa na kupepeta maganda. Kisha akazitia kwenye kinu akazitwanga chengachenga, ili jicho lisitofautishe nzima na mbovu.

Mama alipoziona alishangaa kidogo, kwa sababu yeye hupenda karanga zionekane.

"Nimezitwanga kwa ajili ya Bibi," Vailet akasema. "Meno yake hayawezi nzima."

Bibi Philomena alikuwa amefika mchana huo kutoka Dareda. Alisikia maneno hayo pale alipoketi, akanyoosha mkono na kumshika mjukuu wake shavuni. Alisema katika wajukuu wote hakuna aliyewahi kuyafikiria meno yake. Vailet aliona aibu, akakiinamia kinu.

Mama akayeyusha sukari taratibu hadi ikawa na rangi ya asali. Akatia iliki, akamimina karanga, akakoroga haraka na kuumwaga mchanganyiko kwenye sinia lililopakwa mafuta. Akausawazisha kwa kifimbo cha chapati, akakata vipande kabla haujawa mgumu. Harufu nzuri ikajaa jikoni. Ile ya gunia haikusikika hata kidogo.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi aliyoianzisha Bibi tangu Mama akiwa msichana. Kashata ya kwanza huliwa na mtoto mdogo kuliko wote, na anayempa ni yule aliyechambua karanga. Kabla ya hapo hakuna anayeonja. Vailet alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi bila kuifikiria. Safari hii Mama alipomkabidhi kipande, alikiona kizito.

Felix alikuwa amesimama mbele yake, mikono yote miwili imenyooshwa, kinywa wazi. Vailet akampa. Felix akakipokea, akakipeleka mdomoni, na Vailet akakipokonya kwa nguvu mpaka mtoto akayumba.

Felix akaangua kilio. Mama akauliza kuna nini, na Vailet naye akaanza kulia.

"Asile, Mama. Karanga zilikuwa na ukungu. Nililiacha gunia chini ya dirisha nikaenda kucheza. Nikazitwanga ili usione."

Mama alilisogeza sinia mbali, akakaa kwenye kigoda. Bibi akashauri kashata wapewe kuku, ili sukari isipotee bure.

"Hata kuku hapana, Bibi," Vailet akasema. "Mwalimu alisema sumu hiyo hudhuru hata mifugo."

Bibi akamtazama. "Kumbe ulijua."

"Nilijua, Bibi."

Hakuna aliyempiga, na pengine angeona heri kupigwa. Mama alimwagiza afukie kashata zote shimoni pamoja na karanga zilizobaki kwenye gunia, maana ukungu mwingine hauonekani kwa macho. Kisha akamwambia kwamba asubuhi angekwenda Mutuka kumweleza mjomba wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Ilikuwa safari ngumu. Mjomba Romanus aliitikia shikamoo yake, akasikiliza hadi mwisho, akamwonyesha ghala lake, ambamo kila gunia lilikuwa juu ya chaga za mbao na hakuna lililogusa ukuta. Alimjazia ndoo ndogo tu ya karanga, kwa kuwa nyingine alikuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu.

Alasiri Vailet aliketi uani na ungo mapajani, akichambua punje moja moja. Christina akaja kumwita kwenye rede.

"Leo siendi," Vailet akamjibu. "Nimeharibu karanga za Komunio, sasa nachambua nyingine."

Christina alisimama kidogo, akavua ndala, akaketi mkekani na kuvuta sehemu ya karanga upande wake. Punje iliyosinyaa au yenye doa waliitoa, hata ilipokuwa moja tu.

Jioni kashata zilipokuwa tayari, sinia halikujaa. Mama akamkabidhi Vailet kipande cha kwanza. Felix hakunyoosha mkono. Alikitazama kile kipande, akamtazama dada yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Hutanipokonya?" akauliza.

"Sitakupokonya. Nimezichambua vizuri."

Akakichukua, akaking'ata huku akimtazama bado, kisha akatabasamu mashavu yakiwa yamejaa. Vailet akageuka upande kufuta machozi.

Mama akamvuta karibu. "Mwanangu, kusahau ni jambo la kila mtu, hata mimi husahau. Ungeniambia mapema tungepoteza karanga tu. Ulipoficha, nusura tumpoteze mtu. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Na mtu akila chakula chako, ujue amekuamini, maana haoni ulichokitia."

"Nimeelewa, Mama," Vailet akasema. "Nisamehe."

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua," Bibi akaongeza, akikitazama kipande alichopewa. Alijaribu kuking'ata upande mmoja, kisha upande mwingine, akakirudisha kwenye sahani.

"Ila yale maneno ya meno yangu yalikuwa ya kweli," akasema. "Wageni wakiondoka kesho, niwekee karanga chache. Zichambue kwanza, halafu zangu uzitwange."