Concours Haifanywe kwa Miguu

Kila asubuhi, mtaani Nyakasanza, kuku wa Adeline walimkimbia. Adeline alizunguka uwanja na daftari mkononi, akisema sheria kwa sauti. Mlangoni hadi chooni, chooni hadi mlangoni.

"Mama Plamedi," alisema mume wake Mathieu, akipangusa moto yake, pikipiki ya kubeba abiria, "hawa kuku beko karibu kujua sheria yote. Batakupita."

"Cheka tu. Siku nitapata kazi, utaniita madame."

Adeline aliuza mikate sokoni, na diploma yake ililala sandukuni. Mwaka ule serikali ilitangaza concours, yaani mtihani wa kuchagua wafanyakazi. Ofisi ya état civil, pale watu wanapoandikisha watoto na ndoa, ilitaka watu kumi na wawili. Tangazo lilisema: aliyepita miaka thelathini na tano asijisumbue. Adeline alikuwa na thelathini na nne na miezi kumi. Akikosa hii, hakuna nyingine. Zilibaki wiki sita.

Jirani yao Katsuva, fundi cherehani aliyetoka Butembo, alisikia sheria hizo kila siku. Asubuhi moja akaita:

"Jirani, kuya huku. Ikala hapa."

Alimpa kiti, karatasi na kalamu.

"Baba na mama banaingia kwa bureau yako. Mutoto yabo alizaliwa mwaka jana, hawakumuandikisha. Utabaambia nini? Andika. Uko na dakika makumi tatu."

Adeline alitabasamu. Aliandika mistari miwili. Kalamu ikasimama. Naye akasimama, akaanza kutembea.

"Ikala! Mu salle, chumba ya concours, ukitembea banakutosha inje."

"Lakini niko najua, papa Katsuva! Nikitembea, yote inakuja."

"Basi miguu yako inajua. Mukono haijue bado," Katsuva alisema akicheka.

Machozi yalimjia Adeline. Miezi mitatu ya kutembea, bure!

Katsuva aliacha kucheka.

"Mi nilifanya concours mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza, maswali ine, saa mbili. Swali ya kwanza nilijua sana. Nikajaza kurasa saba! Saa ikaisha. Maswali tatu ikabaki nyeupe. Mara ya pili, nilisahau picha mu dossier, makaratasi ya kuomba kazi. Hata mulango sikupita. Leo niko na miaka makumi tano. Bengine ni professeur ya hesabu. Mi ni professeur ya kushindwa. Futa machozi, tuanze."

Walisoma tangazo upya, neno kwa neno. Lilitaja mambo manne: état civil, barua za ofisi, hesabu na habari za nchi. Adeline alikuwa amesoma moja tu.

"Hesabu nafanya kila siku sokoni," alijitetea.

"Sokoni unahesabu mikate. Kule batakuuliza asilimia."

Tangu siku ile, Adeline alisoma sehemu ndogo kila siku. Kisha alifunga daftari, akakaa, akaandika kwa maneno yake mwenyewe aliyoyakumbuka. Halafu alifungua daftari na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lililomshinda, alilirudia kesho yake.

Jumamosi ilikuwa kali zaidi: maswali manne, saa mbili, kiti kigumu. Katsuva alishika saa. Dakika thelathini zikiisha, aligonga meza kwa mkasi.

"Swali ingine!"

"Sijamaliza!"

"Acha nafasi, pita. Utarudia."

Jumamosi ya kwanza alimaliza maswali mawili. Ya tatu, matatu. Siku hizo Mathieu ndiye aliyepika bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wenzake wa moto walimchokoza: "Mathieu, umeolewa?"

"Ndiyo," alijibu. "Na madame ya état civil."

Jumamosi ya tano, Adeline alimaliza yote manne. Dossier alikuwa ameshaipeleka mapema, siku kumi kabla ya mwisho. Picha, Katsuva alizihesabu mwenyewe mara tatu.

Siku ya concours, Adeline alifika mapema, amelala vizuri, na kalamu mbili. Swali la tatu lilikuwa la asilimia. Likamkatalia. Aliacha nafasi, akaandika la nne, kisha akarudi. Safari hii hesabu ilikubali. Meza ya pembeni, bwana mmoja alikuwa bado kwenye swali la kwanza, akiomba karatasi nyingine.

Mwezi mmoja baadaye, Mathieu alikuwa amebeba mama mzee kwenye moto. Aliona watu wamejaa mbele ya ukuta wa ofisi. Majina ya concours! Akafunga breki.

"Weye! Mi niko na haraka ya soko!"

"Ngoja kidogo, koko. Natafuta jina ya muke wangu."

Alipita katikati ya watu. Kidole chake kilishuka ukutani. Tano. Sita. Saba. Nane.

"Ya tisa! Koko, Adeline ni wa tisa!"

Mama mzee alimwangalia mwanaume huyo mkubwa akilia mbele ya watu. Akavuta kitenge chake, akajiweka vizuri kwenye moto.

"Soko itaningoja," alisema. "Tupite kwanza kwenu. Habari ya namna hii haitakiwe kupoa."