Ukanda wa Mwisho wa Nyasi

Kitu cha kwanza alichokiona ni soksi. Moja ya bluu, moja ya kijivu. Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu, wa saruji wakisukumana na wa rangi, na katikati yao kijana mrefu alikuwa amevua buti zake, akaziweka pembeni, ndipo akakanyaga nyasi bandia zilizotandazwa sakafuni. Wengine wote walizipita na vumbi lao.

Binti alicheka ndani ya mtandio wake wa zambarau.

"Unacheka soksi au miguu?" kijana aliuliza.

Siku nyingine angekimbia. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mtu wa kukaa chumbani na cherehani yake, mwenye aibu kiasi kwamba shangazi yake aliyemlea alimwita Kimya. Lakini soksi zile zilimpa ujasiri.

"Miguu haina kosa."

"Basi nimepona nusu. Umefuata nini huku?"

"Shangazi anataka kiwanja nyuma ya nyumba. Alicheza sana netiboli. Sasa magoti yake hayataki saruji."

"Mwambie magoti yake yamepata fundi."

"Yuko wapi?"

"Anavaa buti, subiri."

Shangazi alimpa kazi. Ilikuwa ya kwanza tangu aache kuwa chini ya bosi, na aliwaambia wenzake wawili kwamba kiwanja hiki ndicho watu watakachokuja kukitazama kabla ya kumpa kingine.

Binti alihamishia cherehani dirishani, ghorofani. Kutoka hapo alimwona fundi akichimbua udongo, akimwaga kokoto na kuzishindilia kwa mashine mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, akipiga magoti kando ya uzi wa kupimia mteremko ili mvua isituame hata tone. Kila alichokigusa kilinyooka. Shati lake lilikuwa limepauka mabegani, ila kola imepigwa pasi. Nani anampigia pasi kola ya shati la kuchimbia? Swali hilo lilimkosesha raha. Na muda wote fundi alipiga mluzi.

Jioni simu ililia; tayari walikuwa wamepeana namba, na majina ya utani.

"Sindano, umelala?"

"Saa moja hii, Soksi? Nimekuwa kuku?"

"Leo umechungulia sana."

"Natazama kazi ya shangazi."

"Unaionaje?"

"Inapendeza."

"Na fundi je?"

Binti akacheka kidogo. "Mtandao mbaya," alisema, akakata.

Siku ya kutandaza ikafika. Mikanda mipana ya kijani ililazwa bega kwa bega. Nyasi hizo hulala upande mmoja kama mahameli, na mikanda yote lazima ielekee kumoja. Kwenye ukanda wa mwisho, fundi aliinua macho, akamwona binti dirishani na gauni la manjano, akampungia mkono, kisha akautandaza ukanda ule kinyume.

Kwa aliyeuinamia, kijani kilikuwa kijani tu. Kutoka juu, ukanda ule uling'aa peke yake. Binti alishuka ngazi mbio, akafika mlangoni. Fundi alikuwa anapaka gundi, mluzi umemkolea. Binti alisimama, akarudi ndani.

Asubuhi shangazi alitazama kutoka ghorofani, akashuka na kikombe chake.

"Fundi, mbona pale pamepauka kama nguo iliyosahaulika juani? Hata Kimya jana hakuacha kupatazama."

Fundi alipanda, akaona, uso ukamshuka. "Nimeugeuza, mama. Kosa ni langu. Nitaung'oa, niagize mwingine."

Alipomkuta binti kwenye ngazi, aliuliza polepole, "Uliona?"

"Niliona."

"Kabla ya gundi?"

Aliinamisha kichwa.

"Neno moja tu lingetosha. Au nilikuwa sinema?"

Binti akampisha, akapanda kwenye cherehani yake.

Jioni ile simu haikulia, wala kesho yake. Binti akampigia yeye, akasikia "Haloo", akasikiliza pumzi zake, akakata. Huko alikokuwa, fundi aliitazama simu akajisemea kwamba Sindano amebonyeza kwa bahati mbaya.

Ukanda mpya ulipokuja, fundi alikuja nao peke yake. Wenzake walikuwa wamepata kibarua kwingine. Aling'oa ule wa zamani, akakwangua gundi, akaanza kuvuta. Akinyoosha ncha hii, ile inakwenda kombo.

Dirishani, cherehani ilinyamaza. Binti alitoka, akavua ndala ukingoni mwa kiwanja, akashika ncha ya pili.

"Vuta kwako," alisema. Hakusikika. Akajaza pumzi. "Vuta kwako," alirudia kwa sauti iliyofika getini. "Umezidisha. Rudisha. Nyasi zilale kwangu, siyo kwako. Hapo hapo."

Jikoni shangazi alifunga bomba. "Nani huyo anafoka kwangu?" Alichungulia, kisha akalifungua bomba tena, taratibu, akitabasamu.

Walibandika, wakachora mistari myeupe, wakamwaga mchanga na kuusugua kwa ufagio mpaka ukazama. Kiwanja kikawa kijani kimoja toka ukuta hadi ukuta, na jirani akasimama kwenye ngazi yake kukitazama. Fundi alivua buti. Soksi zilikuwa zinafanana.

"Umenunua mpya."

"Usije ukapata cha kucheka." Alikaa juu ya nyasi. "Sindano, nataka kuzungumza na shangazi yako. Lakini siwezi kuishi na mtu anayeona naharibu akanyamaza."

"Kola yako nani anaipigia pasi?"

"Kola?" Fundi aliigusa. "Mimi mwenyewe. Kwani vipi?"

Binti aliketi karibu naye, akalaza nyasi kwa kiganja, upande wake.

"Sikunyamaza kwa dharau," alisema. "Ulikuwa unapiga mluzi. Niliogopa nikisema utaacha, na nyumbani kwetu hakujawahi kuwa na mluzi." Akainua macho. "Nakupenda. Nilikupenda palepale dukani, kabla hujavaa buti."