Mtabiri wa Duka la Dobi

"Shangazi, usiliguse hilo koti! Hilo nalipiga pasi mwenyewe."

"Yoo! Koti la nani hilo lisiloguswa? La waziri?"

"La Fundi Saa."

"Ahaa! Si useme la bwana harusi tu." Shangazi akaangua kicheko, akaenda zake kaunta kupanga mashati ya watu.

Bi Pasi, maana mtaa mzima ulimwita hivyo naye akaitikia bila kinyongo, akalitandaza koti mezani. Kanuni ya kwanza ya udobi alifundishwa na baba yake kabla hajajua hata kusoma: mifuko kwanza, mvuke baadaye. Mifukoni mwa watu alishakuta mengi. Meno ya bandia. Barua za wapenzi wawili katika suruali moja. Leo, kwenye mfuko wa ndani wa koti la mwanamume aliyempenda kuliko usingizi wa asubuhi, akakuta kiredio kidogo kama kiberiti, kina waya mwembamba wa kuchomeka sikioni.

Akakiwasha, akauchomeka. Sauti ya mtangazaji ikamvamia:

"Anarusha... ameukosa! Vijiti chini! Ametoka! Ametoka!"

Bi Pasi akageukia runinga iliyokuwa ukutani. Pale hakuna kijiti kilichoanguka, vitatu vyote vimesimama nyuma ya mpigaji. Mrushaji alikuwa ndiyo kwanza anaupangusa mpira kwenye suruali yake, hana haraka. Bi Pasi akaanza kuhesabu moyoni. Alipofika arobaini na mbili, mrushaji akakimbia, akarusha, vijiti vikaruka huku na huko, na wanaume wote dukani wakashika vichwa.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe utabiri wenyewe ndio huu!"

Ilikuwa hivi. Timu yetu na ile ya nchi jirani, tuliyoiita Majirani, walikuwa wanacheza mechi tano za kriketi, kila mechi siku tano, na hao ni watu wasioweza kusalimiana bila kubishana. Tumeshinda mbili, wameshinda mbili, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya mechi ya mwisho. Mashabiki wa mtaa huo walikutana kwa Mzee Dobi, baba yake Bi Pasi, kwenye runinga kubwa iliyopata matangazo kwa mtandao. Fundi Saa alijiunga nao tangu mechi ya pili, na kofia yake ya sufi iliyomfunika masikio. Alikuwa anakaa kimya, kisha anasema polepole, "Huu, anatoka." Na kweli mpigaji anatoka! "Huu, mikimbio minne." Minne inakuja! Kinyozi wa jirani ndiye aliyembatiza jina la Mtabiri.

Mzee Dobi alishawafukuza wachumba watatu wa binti yake, mmoja kwa kosa la kuuliza, "Goli ngapi mpaka sasa?" Lakini kwa Mtabiri, mzee alilainika kama shati jipya. Jana tu alitangaza mbele ya watu wote: "Kesho mechi ikiisha, kijana, sema ulilonalo. Mtu anayeusoma mchezo hivi hawezi kunikosea mtoto."

Sasa Bi Pasi alisimama na kiredio mkononi. Yeye hakumpenda Fundi kwa utabiri. Alimpenda siku alipompelekea saa ya marehemu mama yake, akaanza kulia pale pale, na Fundi akaitengeneza bila kuuliza swali hata moja. Lakini mwanamume anayeweza kumdanganya baba yako wiki tano bila kupepesa macho, ndani ya nyumba atakudanganya miaka mingapi?

Simu ikaita.

"Mpenzi, koti tayari?"

"Karibu tayari."

"Mbona sauti yako imepoa?"

"Ni mvuke."

"Mvuke gani huo unaopoza watu?"

"Njoo uchukue koti lako, Fundi."

Akakata. Akakirudisha kiredio mfukoni kama alivyokikuta, akalinyoosha koti mpaka likasimama lenyewe. Na akajiapiza: akisema ukweli kwa mdomo wake kabla ya kumwomba baba, nitamkubali. Akinyamaza, nitamkataa mbele ya wote, hata kama nitalia mwezi mzima.

Alasiri Fundi akaingia, kofia kichwani, akavaa koti lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe... ah, ulimi wangu huu nao!"

Duka likalipuka kwa vicheko. Bi Pasi hakucheka. Alimtazama Fundi akikaa, akirekebisha kofia upande wa kushoto, kidole kikipita sikioni haraka. Jinsi alivyofanya kwa ustadi ndivyo ilivyomuuma zaidi.

Mchezo ulikuwa unachoma. Timu yetu ilibakiwa na wapigaji wawili wa mwisho, mzee mmoja waliyemwita Mkongwe na mwenzake kijana. Mmoja wao akitoka, tumekwisha. Tulihitaji mikimbio kumi na tisa.

"Mtabiri, vipi huu?" Kinyozi akauliza, amekalia ukingo wa kiti.

"Minne," Fundi akasema.

Gongo likalia, mpira ukavuka kamba. Minne!

"Huyu si binadamu!" Kinyozi akapiga kelele.

Kumi na tano. Kumi na moja. Kumi. Ndipo Fundi akakunja uso ghafla.

"Jamani," akasema, "hapa pana kizaazaa."

Mpira ukaja. Mkongwe akanyoosha gongo. Ukapita, mlinda vijiti akaudaka, na Majirani wote wakaruka juu wakimlilia mwamuzi. Mwamuzi akinyanyua kidole, umetoka. Mwamuzi hakunyanyua. Akatikisa kichwa. Na Majirani walishamaliza nafasi zao zote za kukata rufaa!

Runinga ikarudia tukio polepole. Mpira uligusa gongo kabla ya kudakwa, na kwa kanuni huko ni kutoka. Kila mtu aliona, na Mkongwe bado amesimama pale pale, anatazama viatu vyake.

"Mwamuzi hakuona, hakuna kesi!" Kinyozi akashangilia.

"Yeye mwenyewe anajua," Bi Pasi akasema kwa nguvu. Vichwa vikageuka. "Mpira ukigusa gongo, mkono unasikia. Angeondoka mwenyewe."

"Angeondoka tungeshindwa!"

"Ndiyo, tungeshindwa."

"Binti yangu," Mzee Dobi akasema, "wewe leo uko upande gani?"

"Upande wetu, baba. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa Jirani nisingejali."

"Kazi ya kuamua ni ya mwamuzi bwana!" mzee akajibu. "Angekuwa wa kwao tungemtukana, ni wetu tunamshukuru Mungu, ndio ushabiki!"

"Basi muulizeni Mtabiri," akasema Bi Pasi. "Yeye anajua mengi."

Fundi akajikohoza. "Mimi naona... mzee amesema vizuri. Kazi ya kuamua ni ya mwamuzi."

Pasi ikatua kwenye shati kwa kishindo. Shangazi akaitazama pasi, kisha akamtazama mpwa wake. Bi Pasi akachukua simu chini ya meza.

"Ungekuwa wewe, ungeondoka?" akaandika.

Akamwona Fundi, hatua nne tu kutoka alipo, akiitoa simu yake.

"Mbona unauliza hivyo mpenzi?"

"Jibu."

Nukta tatu zikacheza kwenye kioo, zikapotea, zikarudi.

"Mwamuzi hajanyanyua kidole."

Bi Pasi akasoma, machozi yakamlenga. Akaandika neno moja: "Sawa."

Mwanamume yeyote aliyewahi kuandikiwa "Sawa" ya namna hiyo, yenye nukta mbele, anajua kwamba hapo hakuna usawa wowote. Fundi akaisoma. Jasho likamtoka chini ya kofia.

Uwanjani, Mkongwe akapata mkimbio mmoja, ikabaki tisa. Kisha mrushaji wa Majirani akaumia mguu, mchezo ukasimama. Mzee Dobi, ambaye furaha ilishampanda kichwani, akainuka.

"Mimi sisubiri mwisho! Mtabiri, simama. Sema lililokuleta, na watu hawa wawe mashahidi."

Fundi akasimama. Bi Pasi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mzee," Fundi akaanza, "kwa heshima zote, nimekuja..."

Akamtazama Bi Pasi, naye hakukwepesha macho. Fundi akavuta kofia, akaitupa kitini. Waya ukaning'inia sikioni kama uzi uliofumuka.

"Kabla sijasema lililonileta, mzee. Mimi nimegusa mpira."

"Umegusa nini?"

"Mimi si mtabiri. Runinga yako inachelewa kama dakika hivi. Redio haichelewi." Akatoa kiredio, akakiweka kaunta. "Kila nilichowaambia nilikuwa nimeshakisikia."

Kinyozi ndiye aliyeanza kuuliza.

"Ina maana yule aliyetoka jana asubuhi..."

"Redio."

"Na ile mikimbio sita ya mechi ya tatu?"

"Redio."

"Na siku uliyosema mvua itanyesha?"

"Hiyo niliangalia dirishani."

Shangazi akajiziba mdomo. Lakini Mzee Dobi hakuwa na kicheko hata cha dawa.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano unanigeuza mpumbavu ndani ya duka langu."

"Nilikuja kuleta suruali mzee, nikamwona binti yako. Nikaambiwa umemfukuza mtu aliyeuliza goli ngapi. Mimi nilikuwa sijui hata gongo linashikwa upande gani. Nikaogopa. Nilifikiri ni siku moja tu, mkaniita Mtabiri, na mimi nikalewa sifa. Nisamehe."

"Toka dukani kwangu!"

"Naondoka, mzee. Hii ningeifanya zamani."

Akaelekea mlangoni, kichwa chini.

"Wewe Fundi! Simama hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya Bi Pasi, imepasuka katikati. "Baba, mimi nimejua tangu asubuhi. Nilikikuta mfukoni mwa koti."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

Fundi naye akageuka, mdomo wazi. "Ulijua?"

"Nilitaka nione kama utajitoa mwenyewe. Niliposoma ule ujumbe wako nilikufuta kabisa moyoni, nakwambia kweli." Akafuta macho kwa shati la mteja. "Baba, wewe ulitaka mkwe anayejua mpira unaokuja. Mimi nataka mume anayeweza kusema nimekosa wakati bado wanampigia makofi. Ninampenda. Mimi nimemaliza, lililobaki ni lako."

Mzee Dobi akakaa. Akapangusa uso.

"Kaka," Shangazi akasema taratibu, "hebu sema ukweli. Wiki hizi tano umerukaruka mara ngapi?"

"Kurukaruka kwa nini?"

"Kwa mpira. Wewe wa kupanda juu ya viti. Wewe wa kunikumbatia mpaka mbavu zinalia. Tangu Mtabiri aje, tunaambiwa minne, tunatazama minne, tunapiga makofi kama watu wa msibani."

Mzee akafikiri. Akafikiri tena.

"Kumbe ndiyo maana!" akafoka, akimnyooshea Fundi kidole. "Nilidhani ni uzee! Kijana, umenila raha yangu!"

"Nisamehe, mzee."

"Rudi hapa. Kaa karibu yangu nikuone, bila kofia. Zima hilo dude. Kinyozi, funga mlango, wenye redio nje wasituwahi! Mchezo umeanza!"

Ova ya mwisho ya siku, mipira sita. Tunahitaji mikimbio tisa, na jua likizama kabla hatujaipata, mfululizo mzima unaisha sare.

"Haya, tabiri sasa!" Kinyozi akamchokoza.

"Huu... minne!"

Mkongwe akaukosa kabisa. Duka likacheka.

"Huu anatoka!"

Mikimbio miwili.

"Huu ataukosa!"

Miwili mingine!

"Huyu hajui kitu!" Mzee Dobi akapiga kelele kwa furaha, akimbamiza Fundi mgongoni. "Hajui kitu kama mimi! Endelea, endelea!"

Mpira wa nne, mkimbio mmoja. Wa tano, hola. Ukabaki mmoja, na mikimbio minne. Kijana ndiye aliyeshika gongo, Mkongwe yuko upande wa pili amejiinamia. Mzee Dobi alikuwa juu ya kiti. Shangazi alikuwa anamwomba Mungu na kuwalaani Majirani kwa pumzi moja. Bi Pasi alitoka nyuma ya meza yake, akaushika mkono wa Fundi, akaukuta umelowa jasho.

"Siwezi kutazama," Fundi akasema. "Kumbe nyinyi mnateseka hivi siku zote?"

"Siku zote. Fundi?"

"Naam?"

"Nakubali."

"Unakubali nini?"

"Kuolewa na wewe."

"Sasa hivi? Mpira wa mwisho huu!"

"Sasa hivi, kabla haujarushwa. Tukishinda utasema nilikubali kwa shangwe. Tukishindwa utasema nilikuhurumia. Baba, umesikia?"

"Nimesikia, nimekubali, nyamazeni, anakimbia!"

Mrushaji akakimbia. Mpira ukatoka mkononi, ukadunda, kijana akazungusha gongo kwa nguvu zake zote. Ukapaa. Jirani mmoja akaukimbilia, akajirusha, vidole vikaukosa kwa upana wa shati, na mpira ukavuka kamba.

Kelele zilizotoka katika duka lile zilisikika mpaka kwa muuza viatu wa mtaa wa nyuma. Mashati yakaruka hewani. Kinyozi alikuwa amepiga magoti. Fundi Saa, mtu mzima na koti lake la posa, alipiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakujua anao, akageuka kumkumbatia mchumba wake, na katika kuchanganyikiwa akamrukia Mzee Dobi. Wakashikana, wakazunguka, wote wawili wanalia na hakuna anayetaka kumwachia mwenzake.

Bi Pasi akaenda akazima pasi, akaegemea meza na kucheka, akisubiri zamu yake.