Kila Mmoja Alimngoja Mwenzake

Mimi ni Vahwere. Ninauza maharagwe hapa Bunia. Mwanangu Kambale anasoma uuguzi chuo kikuu, na mwaka huu amenichosha roho.

Kila jioni tunachagua maharagwe pamoja. Kila jioni nilikuwa ninamuuliza neno lile lile.

“Umepata chanjo ya ini?”

“Bado, mama. Nangoja Gaël kwanza.”

“Na Gaël iko nangoja nani?”

“Annie.”

“Na Annie?”

Akainamia maharagwe. “Annie iko nangoja miye.”

Nilishindwa hata kucheka. Miaka mitatu yeye na wenzake hao wa darasa wanasoma mambo ya chanjo. Hospitalini wanawadunga watoto wa wenzao. Wao wenyewe wanaogopa.

“Watu wanasema inazuia kuzaa,” akaongeza.

“Watu gani?”

“Mu telefone.”

Juma lililofuata alirudi kutoka hospitali amefunga kidole. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa ilimchoma. Hasira yangu ikageuka woga. Niliacha maharagwe juani, nikamvuta hadi kituo cha afya kwa jirani yetu Félicité. Yeye ni muuguzi. Mara tatu alipeleka chanjo darasani kwao, na mara tatu alirudi nayo.

“Sikia, mutoto yangu,” alisema Félicité. “Hepatiti B inapita mu damu. Inaharibu ini polepole, na mara mingi mutu hajisikie mugonjwa. Chanjo yake ni sindano tatu. Haizuie kuzaa. Miye nilipata, na niko na watoto ine. Weye utapata ya kwanza leo hii. Halafu tutapima damu yako, na ya mugonjwa ule pia.”

“Na kama ningepata zote tatu mbele ya ile sindano kunichoma?”

“Sasa hivi ungekuwa kwenu, unakula.”

Siku mbili sikuuza kitu. Siku ya tatu majibu yalitoka: mgonjwa hakuwa na ugonjwa ule, wala Kambale. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaanza kumgombeza upya.

Mwezi ulipopita, nilimsindikiza kwa sindano ya pili. Gaël na Annie walikuwa wamesimama mlangoni.

“Munangoja nani?” niliwauliza.

“Tulikuwa nangoja Kambale, mama.”

Kambale akawaonyesha kidole chake. “Na miye niliwangoja nyinyi.”

Annie aliingia kwanza. Gaël akamfuata.

Leo, miezi sita baadaye, wote watatu wamemaliza sindano zao. Jioni tulichagua maharagwe, na sikuwa na neno la kumuuliza.