Njiti Mbili

Kamba ya kuvutia ilikatika kabla ya mapambazuko, na kwenye tishari lile hapakuwa na moto.

Tishari halina injini. Ni sanduku la chuma lililojaa kokoto, linakwenda linakovutwa. Tagi, meli ndogo iliyokuwa ikilivuta, lilimezwa na mvua. Taa yake ilionekana mara mbili kati ya mawimbi, halafu basi. Juu ya mawe walibaki watu watatu: serehangi, yaani msimamizi wa tishari, ambaye kwa uvutaji wake wa sigara watu walimwita Dohani; shemeji yake aliyekuwa fundi wa pampu; na mzee aliyekaa na minyororo na nanga miaka mingi hadi jina lake likawa Nanga.

Moto haukupotea. Ulitupwa. Asubuhi ya kuondoka bandarini Dohani alikusanya kila kiwashio kilichokuwamo humo, viberiti vya gesi na kibiriti cha jiko pia, akavitia kwenye mfuko pamoja na pakiti zake zote na kuvirusha baharini. Alikuwa anaacha sigara. Nyumbani walikuwa na chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, na nyuma ya pazia alilala binti yake mdogo mwenye pumu. Kila usiku kifua cha mtoto kililia kama bawaba kavu. Daktari alikuwa amesema maneno yake, akamaliza. Mke hakufoka. Alikunja shuka la mtoto, akasema, "Chagua," akaendelea kukunja.

Mke huyo ni dada wa fundi pampu. Ndiyo maana fundi mwenyewe ndiye aliyeushika mdomo wa mfuko.

"Safari ni ya siku mbili," alisema. "Tutakula maharage ya kopo, baridi. Hakuna aliyewahi kufa kwa maharage baridi."

"Hujayala yaliyofunguliwa na Nanga," Dohani alisema.

"Mimi nanawa mikono," Nanga alisema. "Kila mwaka."

Walicheka. Mfuko ukazama.

Kitu kimoja hakikuzama. Nyuma ya kibanda, ndani ya bomba la reli ya ukingoni lililokatika kichwa, Dohani alikuwa amechomeka sigara moja, njiti mbili na kipande cha ubavu wa kibiriti, vyote ndani ya nailoni iliyofungwa mafundo. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni vya kumtuliza roho tu, ajue vipo. Mvutaji anayeacha hujidanganya hivyo, na mara nyingi ni yeye peke yake anayedanganyika.

Kamba ya nailoni nene kama paja la mtu ikivutika hadi mwisho haikatiki kimya. Hurudi kama mjeledi. Ilimpata fundi pampu chini ya goti. Dohani alisikia mfupa kabla hajasikia ukelele. Wimbi lililofuata lilipanda juu ya kokoto, likang'oa nusu ya kibanda cha bati, likachukua redio ya mkononi na sanduku la fataki za dharura, likashuka upande wa pili.

Kulipopambazuka waliufunga mguu kwa mbao za sanduku na vipande vya shuka. Mfupa ulikuwa umetokeza, mweupe, una mchanga. Dohani alijaribu kufunga fundo mara tatu likamponyoka.

"Mikono yako ina nini?" Nanga aliuliza.

"Baridi."

"Hiyo si baridi. Hiyo ni siku ya pili." Mzee alimsogeza kwa bega, akafunga fundo mwenyewe. "Mimi niliacha kabla huyu shemeji yako hajaota ndevu. Kesho ndiyo mbaya. Ikija, usipigane nayo. Ni kama wimbi, linapanda, linakaa kidogo, linapita. Shughulisha mikono. Kunywa funda la maji."

Wote watatu walilitazama dumu la maji. Lilikuwa chini ya nusu.

"Basi shughulisha mikono," Nanga alisema.

Waliamini tagi litarudi kabla ya jioni. Halikurudi. Upepo uliwasukuma kuelekea kwenye bahari wazi, na tishari lilizunguka polepole, pua ikawa nyuma na nyuma ikawa pua. Nanga alisoma mwelekeo kwa jua na kusema wanakwenda kusini. Baadaye akasema hajui.

Walijipanga. Vikombe viwili vya maji kwa mgonjwa, kimoja kimoja kwa wazima. Waliyafungua matairi ya kugongea gati, wakayarundika katikati ya kokoto. Dohani alifyonza dizeli kwa mpira kutoka tangi la pampu iliyoharibika, akaimwaga juu. Tairi likiwaka hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali kuliko mtu yeyote anavyoweza kupunga shati. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa moto.

Alipomaliza kazi, wimbi lake lilimjia. Kichwa kilibanwa pande zote mbili kama kimetiwa kwenye jiliwa. Jasho lilimtoka mgongoni ilhali vidole vilikuwa baridi. Alikohoa makohozi ya rangi ya chai. Alihisi njaa ambayo si ya chakula, ikamtambaa kwenye fizi, kwenye kucha, nyuma ya macho. Akawa anahamisha kokoto moja moja kutoka rundo hili kwenda lile. Likapita. Kabla hajakaa vizuri, jingine likaja.

Asubuhi iliyofuata walikinga mvua ndogo kwenye ndoo, ikajaa hadi katikati. Ndipo Nanga alipoiona meli.

Ilikuwa mbali upande wa jua, meli ya makontena, juu imepangwa masanduku ya rangi. Nanga alipanda juu ya mabaki ya kibanda, akapunga turubai. Fundi pampu alijiinua kwa viwiko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa. Hakuitazama meli. Alimtazama Dohani, kwa kuwa Dohani ndiye serehangi, na serehangi ndiye anayejua la kufanya.

Dohani alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lile bomba la reli.

Alijiambia meli iko mbali mno. Alijiambia upepo utazima njiti. Yote mawili yangeweza kuwa kweli. Lakini kilichomshika miguu ni yale macho ya shemeji. Akitoa ile nailoni, itakuwa wazi kwamba siku ile ya mfuko alikuwa anaigiza, na habari itafika nyuma ya pazia. Na chini ya hiyo aibu kulikuwa na jambo jingine, dogo na chafu zaidi: akitoa njiti, sigara itakuwa haina njiti.

Akapunga shati. Meli ilipita hadi ikawa mstari, halafu ikawa si kitu.

Nanga alishuka, akakaa. "Angalia dunia ilivyo," alisema. "Miaka yote hiyo ulikuwa unatembea na moto mfukoni kama shetani. Siku tunayouhitaji, umetakasika."

Alikuwa anatania. Siku nyingine Dohani angemjibu kwa utani mkali zaidi. Siku hiyo damu ilimpanda hadi masikioni, akamrukia mzee, akamkaba ukosi, wakaanguka pamoja kwenye kokoto. Mguu wa Dohani uligonga ndoo. Maji yakamwagika juu ya mawe, na mawe hayarudishi kitu.

Nanga aliinama, akalamba kokoto moja, akaitema.

"Samahani, mzee," Dohani alisema.

"Usiniombe mimi." Nanga alionyesha kwa kidevu. "Yale yalikuwa ya mgonjwa."

Fundi pampu alikuwa amefumba macho. "Acheni," alisema. "Mngekuwa na nguvu hizo za kupigana, mngelivuta tishari kwa meno."

Kesho yake mguu ulianza kunuka. Ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na mistari myekundu ilipanda pajani. Fundi aliongea na watu wasiokuwepo. Alimwita dada yake aje amshikie taa. Alipopata fahamu aliomba maji, akapewa kofia ya dumu, akaomba tena.

"Subiri kidogo, shemeji."

"Nasubiri nini?"

Dohani alimpangusa paji la uso kwa ukosi wa shati. Hakuwa amelala vizuri tangu wapotee. Kila alipofumba macho aliota anavuta, akaamka ana ladha mdomoni.

Mchana, Nanga alisinzia kivulini, taya limefunguka. Dohani alizunguka nyuma ya kibanda. Alichutama, akavuta nailoni kwenye bomba, akafungua mafundo kwa meno. Harufu ya tumbaku ilimpiga puani, machozi yakamtoka bila kulia. Aliiweka sigara mdomoni. Alikunja mgongo dhidi ya upepo, akafanya pango kwa viganja kama alivyofanya maelfu ya mara kwenye sitaha zenye upepo mbaya kuliko huo, akakwangua njiti.

Njiti iliwaka, ikagusa ukucha, ikamponyoka, ikazimika kwenye maji ya chumvi.

Alibaki amechutama, sigara imening'inia, njiti ya pili katikati ya vidole. Angeweza. Upande wa pili wa bati shemeji yake alimwita tena dada, kwa sauti ya mtoto. Dohani aliiona njiti iliyokufa miguuni pake, akaelewa ameunguza nini. Haikuwa njiti yake. Alirudisha iliyobaki kwenye nailoni, akaifunga, akaenda kukaa karibu na mgonjwa. Wimbi lilipanda. Aliuma shati. Likakaa. Likapita.

Meli ya pili ilitokea asubuhi, ndogo kuliko ya kwanza na karibu zaidi, meli ya mizigo yenye kutu ubavuni. Safari hii Dohani hakungoja kuulizwa. Alikimbia hadi kwenye bomba akarudi na nailoni mkononi, akamwambia Nanga, "Chana godoro. Nataka pamba ya ndani, iliyo kavu."

Nanga aliitazama ile nailoni. Alitazama njiti moja. Alielewa palepale, kwa sababu naye aliwahi kuacha. Alichana godoro.

"Njiti peke yake haitashika," Dohani alisema. "Upepo utaila. Nikiwasha sigara, moto utakaa."

"Basi washa."

Walimzungushia turubai. Chini ya turubai kulikuwa giza, kunanuka dizeli na jasho. Dohani alibana mikono kwenye mbavu hadi ikaacha kutetemeka. Akakwangua. Ulimi wa moto ukasimama. Akausogeza kwenye sigara, akavuta.

Moshi ulishuka hadi chini kabisa. Kichwa kikawa chepesi, mabega yakalegea, na kwa muda wa pumzi moja kila kitu kilikuwa sawa, mguu, maji, meli, kila kitu. Angeweza kukaa humo.

Aliitoa mdomoni, akaizika kwenye pamba. Alipuliza taratibu. Pamba ikawa nyekundu, ikaenea, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Nanga aliweka kitambaa chenye dizeli. Moto ukaruka. Waliubeba kwenye bati hadi kwenye matairi, wakausukuma ndani kwa mikono mitupu. Matairi yaliguna, yakafuka, halafu nguzo nyeusi ikapanda juu ya bahari, nene, chafu, nzuri.

Meli ilipiga honi. Ilianza kugeuka.

Dohani alikwenda kwa shemeji yake, viganja vimebabuka. Fundi pampu alikuwa macho, mtulivu, homa imempa nafasi. Alikuwa anautazama moshi.

"Kibiriti ulikitoa wapi?"

"Nilikificha. Siku ile ya mfuko."

"Hata ile meli ya kwanza ilipopita, ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

Fundi alirudisha macho kwenye moshi. Pembeni matairi yalinguruma.

"Dada usimwambie," alisema mwishowe.

Alikuwa bado anapumua meli ilipoteremsha mashua. Mabaharia walipomnyanyua kwenye machela alikuwa ameacha. Nanga ndiye aliyemfumba macho, kwa kuwa mikono ya Dohani haikuweza kugusa kitu.

Dohani alimwambia. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, bendeji mikononi, akamwambia mkewe yote kwa mpangilio: mfuko, bomba, meli ya kwanza, ndoo, njiti. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia mbele yake. Alihamia nyuma ya pazia, kwa mtoto, na huko ndiko anakolala hadi leo.

Hajavuta tena. Wimbi bado humjia, hasa akinusa dizeli. Huanza kuhamisha vitu kwenye meza, kijiko, kikombe, hadi lipite. Watu wakimpongeza huficha viganja mfukoni.

Gharama ilikuwa hii. Tagi lililopotezana nao lilifika bandarini salama. Kokoto zilipakuliwa zote, halikupungua hata jiwe. Matairi yaliungua. Ngozi ya viganja viwili. Ndoo moja ya maji. Njiti mbili, moja ya bure. Sigara moja, pumzi moja. Kitanda kimoja kikawa viwili. Mtoto ana kifua safi, halali tena akikoroma, na hana mjomba.