Soma Bure

Risasi iliingia kwenye laptop badala ya mgongo.

Mwanatumu aliisikia ikipasua kioo ndani ya begi. Hakugeuka. Alimgusa dereva wa bodaboda begani.

"Kata shambani!"

Pikipiki iliacha barabara ya Kipini, ikajitosa kwenye matope ya mpunga. Land Cruiser ikafuata. Tope la Tana halijali bei ya gari. Ilizama hadi milangoni, na waliokuwa ndani wakabaki kutukana.

Mfukoni alikuwa na flash aliyopewa na Hirbo asubuhi. Hirbo, jasusi mwenzake, alijipenyeza kwa wauza bunduki na sasa ndiye dereva wa lori lao la saruji. Chini ya saruji, silaha. Wenye mali walijua Mwanatumu amepewa kitu. Hawakujua na nani. Wakijua, Hirbo haoni jioni.

Mwanatumu aliogopa, tena sana. Kazini alimwamini mtu mmoja tu, na ndiye huyo.

Garsen. Saiba ya Lavender, duka la kompyuta za kukodi, mkabala na njia panda ya sokoni. Kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, ikaita.

"Laptop?" Mkuu aliuliza.

"Imekufa."

"Ripoti lazima isomwe. Kikosi kimejificha Idsowe, kwenye barabara ya Malindi. Tunadhani lori linaelekea Malindi, lakini ni kubahatisha."

"Niko saiba."

"Mashine zina programu inaitwa Soma Bure?"

Alitazama. Kila kioo kilikuwa nayo.

"Zote."

"Ni mtego wao. PDF yoyote ukiifungulia humo, nakala inaruka kwao. Na ripoti ina jina la Hirbo."

Simu ikakatika.

"Madam, tumia hiyo tu," Lavender alisema. "Inasoma PDF, inatengeneza PDF, na ni ya bure. Sharif wa Kipini ndiye ametuletea."

"Bure si neno, lakini hiyo ni mtego. Nataka ya bure iliyo safi. Pakua LibreOffice, kwenye tovuti yao wenyewe."

"Na hii network yetu?"

"Omba Mungu."

Mwanatumu alishika flash mkononi, akitazama mstari wa kupakua ukijaa kwa maringo. Robo. Nusu. Ukaganda.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume wa kanzu na kofia iliyodariziwa.

"Sharif mwenyewe huyo," Lavender alisema.

"Dada, mbona wahangaika?" Sharif alitabasamu. "Nipe hiyo flash nikufungulie."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Kipini. Nimezaliwa huko, nimekulia huko."

Mwanatumu pia. Sura hii hakuijua, lakini watu huhama wakarudi. Akimpiga asiye na hatia, Garsen nzima ingejaa mlangoni. Akimwacha, Hirbo kwisha.

Sharif alinyoosha mkono. Mwanatumu akarudi nyuma hadi dirishani, akamwita kwa sauti ya nyumbani.

"Ndoo, kakangu."

Sharif akatazama huku na huku. Pembeni palikuwa na ndoo ya kupigia deki. Akaiinua, akamletea kwa adabu zote.

Kipini, ndoo ni njoo. Hata mtoto anayetambaa angekuja, tena mikono mitupu.

Kiwiko kilitua kooni. Maji yakamwagika. Bastola ya Sharif ikateleza chini ya meza, na Glock ya Mwanatumu ilikuwa tayari usoni pake. Pingu ikambana kwenye mguu wa meza.

"Nimekosea wapi?" alikoroma.

"Nyumbani kwenu."

"Madam, imeingia!" Lavender alipiga kelele.

Mwanatumu alifungua ripoti. Lori lilikuwa linakwenda Hola, si Malindi, na lingepita Garsen wakati wowote. Kikosi kisingewahi, na risasi hapa sokoni zingeua wachuuzi.

Vidole vikakimbia. *Polisi wamejaa barabara ya Hola. Idsowe hakuna mtu.* Hakuweka jina. Akaitoa kama PDF, kisha akaifungua kwa Soma Bure.

"Si umesema ni mtego?"

"Ndio. Leo wataingia wao."

Lori la saruji likatokea, likasimama njia panda. Hirbo alikuwa kwenye usukani. Kando yake, jamaa mwenye miwani na simu mkononi. Indiketa ya Hola ilikuwa inawaka.

Jamaa akaitazama simu. Akasoma. Akasoma tena.

Indiketa ikazimika.

Ikawaka upande wa pili.

Mwanatumu alikaa dirishani kusubiri. Kila gari lililopita lilimshtua, mpaka kabambe ilipoita.

"Idsowe," Mkuu alisema. "Tumewakamata wote, na bunduki zote."

"Hirbo?"

"Anaulizia chai."

Alicheka, na machozi yakamtoka. Akayafuta kwa mtandio, akafungua pingu kwenye mguu wa meza, akaelekea mlangoni bila kugeuka.

"Ndoo," alisema.

Safari hii Sharif alimfuata mikono mitupu.